Milango Saba Nyuma ya Duka

Juzi nilikuwa Eldoret kufuatilia hati ya shamba la marehemu mama, na foleni ikanikalisha karibu na msichana aliyekuwa akicheza gemu kwenye simu. Alicheza huku akitafuna chingamu, uso umepoa kama wa mtu anayepukusa mahindi. Nikataka kumwambia avue viatu kwanza. Nikanyamaza, maana nina digrii mbili na jina la kulinda. Lakini wewe nitakueleza.

Miaka ile ya chama kimoja, mwenye duka wa mtaa wetu alileta mashine ya gemu kutoka Nairobi, akaiweka stoo katikati ya magunia ya mahindi na madebe ya mafuta taa. Ilikuwa na kioo kidogo cheusi, na ndani yake nukta moja nyeupe iliyopaswa kupanda kupitia milango saba kabla haijajifunga. Ilitoa mlio kama wa panzi aliyefungiwa kwenye kopo, basi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na sijawahi kupenda kanisa lolote kama nilivyoipenda stoo ile.

Aliyenieleza nilichokuwa nikitafuta mle ni jirani yetu, mchoraji wa mabango ya maduka. Alinuka tapentaini hata Jumapili, siku ambayo hakwenda kanisani. Yeye na wenzake wachache walipanda kilimani alfajiri, wakavua viatu, saa na chochote cha chuma, wakainua mikono kuelekea upande ambao Mlima Kenya ungeonekana kama macho yangefika. Nyanya alisema ni mtu mzuri aliyepotea. Baba alisema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba dini ile haikuwa na kibali, na watu walikuwa wakichukuliwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Siku moja mchoraji alisimama nyuma yangu, akatazama nukta ikipanda. Akasema nafsi ya mtu iko vivyo hivyo: inapita mlango kwa mlango, na anayekuja na haraka na mizigo hufungiwa nje. Pengine alikuwa akinitania. Mimi nilimwamini kabisa. Nikaanza kuvua viatu kabla ya kucheza, nikainua mikono, nikapumua, na mimi niliyekuwa nikikwama mlango wa tatu nikafika wa sita. Watoto wengine wakaiga. Haukupita muda tukawa wanane, viatu vimepangwa nje ya stoo, mikono juu, kimya.

Hivyo ndivyo chifu alivyotukuta.

Alikuwa amekuja na vijana wawili wa chama kukagua kama picha ya Rais imetundikwa dukani. Ilikuwa imetundikwa. Mchoraji alikuwa juu ya ngazi, hatua chache kutoka kwetu, akiandika jina la duka ukutani. Kijana mmoja akatazama viatu, akatazama mikono, akasema hiki ni kiapo cha kupinga serikali. Mwenye duka akakalia gunia.

"Nani amewafundisha hii kitu?" chifu akauliza, bila kupaza sauti.

Brashi ikanyamaza ukutani. Sikugeuka. Nilijua nikigeuza macho tu, nimemtaja.

"Hakuna mtu, Mzee."

"Watoto wanane wanavua viatu, na hakuna mtu?" Akanisogelea. "Wewe ndio mkubwa. Baba yako anafanya kazi wapi?"

Baba alikuwa mwalimu wa serikali, na chifu alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Ni mazoezi, Mzee," nikasema. "Rais akipita, tunataka kumpokea vizuri."

"Bila viatu?"

"Ni heshima, Mzee."

Shule zetu zilikuwa zikipangwa kando ya barabara tangu asubuhi kumwimbia Rais, hata siku ambazo hakupita. Nani angethubutu kusema heshima imezidi? Vijana wa chama wakamtazama chifu. Chifu akaitazama picha.

"Basi imbeni."

Tukaimba, mikono juu. Mwenye duka naye akaimba, kwa sauti ya mtu anayeipenda leseni yake.

Chifu alifurahi, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Aliagiza shule yetu yote iimbe vivyo hivyo kwenye sikukuu ya taifa. Tukasimama kwenye nyasi zenye umande, mamia ya miguu mitupu, tukainua mikono kuelekea jukwaa la wakubwa. Wakapiga makofi kwa muda mrefu.

Mchoraji alikuwa kwenye umati. Baadaye alinisubiri langoni, akaniwekea mkono kichwani.

"Umeniokoa, mama," akasema. "Lakini sasa nitaomba namna gani?"

Kabla ya mvua kuanza alikuwa amehamia Chepsaita kulima, na sikusikia kwamba alishika brashi tena. Mashine ilikufa, mwenye duka naye akafuata. Kile kilima kimejengwa maghorofa, na mabango yote mjini sasa ni ya plastiki, yanachapishwa kwa dakika chache.

Mimi nimeendelea kutafuta. Nimejaribu yoga, nimejaribu kukaa kimya kwa siku tatu na watu waliolipa ili wakae kimya, nimechora hata picha ambazo marafiki huzisifu haraka kisha wakaomba chai. Nafika vizuri mpaka pale mwalimu anaposema, kwa upole, tuinue mikono. Hapo nasikia makofi.