Mahubiri Mawili kwa Mdomo Mmoja

Mjomba alishuka basi mjini Jumamosi asubuhi akiwa na kuku kwenye kikapu na mpango wa kurudi nami kijijini Jumatatu. Kuku alikuwa wa mama, mimi nilikuwa wa mjomba. Bado naamini kuku ndiye aliyepata dili nzuri, ingawa tulimla jioni hiyo hiyo.

Mama husafisha ofisi huko Hurlingham. Hutoka nyumbani kwetu Dagoretti kabla jua halijafikiria kuamka, na hurudi akivua viatu mlangoni kwa sababu miguu imevimba. Mwaka huu, mimi nikiwa kidato cha tatu, shule ilikuwa imeshamwita mara kadhaa. Mara nimemwiga naibu wa mwalimu mkuu kwenye paredi, kumbe yuko nyuma yangu anatazama. Mara nimewaambia watoto wa kidato cha kwanza kwamba bafu la walimu lina wi-fi. Kila akiitwa anakosa kazi, na msimamizi wake alimwambia kwamba akikosa tena, arudishe koti la kazi. Ndipo akampigia kaka yake simu.

"Utaenda ukae na mjomba wako," aliniambia. "Mimi nimechoka kukuchunga na simu."

Nilicheka, kwa sababu mimi hucheka. Lakini sikutaka kwenda. Tangu baba aende zake tumebaki wawili katika chumba kile. Mimi ndiye huwasha jiko kabla hajafika. Mimi ndiye humsimulia vituko vya siku mpaka acheke, hata kama vituko vyenyewe ndivyo vitakavyofanya aitwe shule kesho. Ningeenda, angerudi jioni akute giza na jiko baridi, na aongee na nani? Na ndoo ya maji angebebewa na nani?

Mjomba alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla hajastaafu, na ugonjwa wake ni vile vineno vidogo vinavyofuata vitenzi. Tulipotoka stejini kumpokea, hata kabla hatujavuka barabara, alianza.

"Carry on," akasema. "Yaani endelea. Sasa unataka kutaja kazi yenyewe. Utaongeza nini?"

"On?"

"On iko tayari, kijana. Carry on with the work. Bila with, sentensi yako imesimama hapo kama wewe unavyosimama katikati ya pikipiki."

Nilimbebea kikapu huku akinifundisha njia nzima. Carry on inaweza kusimama peke yake, lakini ukitaja kitu inadai with. Press on pia inataka with, ila hiyo ina jasho ndani yake. Ni ya mtu anayesukuma kazi huku hali inamsukuma yeye nyuma. Keep up with ni kukimbia usiachwe na wenzako. Go on about ni kuongea jambo moja mpaka watu waanze kutazama mlango. Keep on at ni kumsumbua mtu mpaka akubali, na hiyo mjomba alisema naijua vizuri bila kufundishwa.

"Na go on to?" nikauliza.

"Hiyo ni kumaliza jambo moja ukaingia lingine. Kama wewe Jumatatu."

"Lakini mjomba, kwa Kiswahili karibu zote ni kuendelea tu. Sisi tunaokoa bando la simu."

"Ndiyo maana hamfiki," akasema.

Jumapili tukaenda kanisani. Kanisa letu ni la mabati, karibu na machinjio, kwa hiyo pasta akiombea watu mbuzi nao huitikia. Siku hiyo alikuja mhubiri mgeni kutoka nje ya nchi, asiyejua Kiswahili. Mkalimani wetu wa kawaida alikuwa amepoteza sauti kwenye kesha la Ijumaa. Pasta akatembeza macho mpaka yakanikuta nimejificha nyuma ya spika.

"Wewe si ndiye huniiga kule nyuma?" akasema. "Leo kuja uige huku mbele."

Mkalimani wa kanisa hana raha. Mgeni anatoa sentensi moja, unaitoa kwa Kiswahili kabla haijapoa. Akiinua mkono, unainua. Akipiga kelele, unapiga. Huwezi kumuuliza alimaanisha nini, kwa sababu ukisita watu wanasema umezima moto wa Roho. Huyu naye aliongea kwa kasi, kupitia puani, na baada ya muda wengi waliacha kumfuata wakanitegemea mimi.

Lakini somo lake lilikuwa kutokata tamaa, na maneno yalikuwa yale yale ya mjomba. Akasema press on with it, nikasema, "Sukuma tu, hata mzigo ukikurudisha nyuma." Akasema do not go on about your troubles, nikasema, "Usiimbe shida zako mpaka majirani wafunge dirisha." Watu wakacheka. Mjomba, benchi la mbele, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka alama ya vyema. Nikaona labda nimeokoka. Labda angemwambia mama, huyu kijana ana akili, mwache.

Kisha nikasikia mjomba akimnong'oneza mzee wa kanisa aliyekaa kando yake: "Ndiye huyu naenda naye kesho."

Mhubiri akainua mkono. "Mothers, carry on with the work God has given you."

Nikainua mkono. "Akina mama, endeleeni kukaa na watoto wenu."

"Press on with it, even when you are tired."

"Hata kama mmechoka nao. Hata wakiwa watundu, msiwapeleke kwa ndugu."

"Do not give up!"

"Hasa wa kidato cha tatu!"

Vijana wa nyuma walianza kukohoa vicheko. Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa amefumba macho, mikono imefunguka mapajani, na mabega yalikuwa yanatetemeka. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia mbele ya watu, hata siku baba alipobeba sanduku.

Ibada ilipoisha alimshika mjomba mkono pale nje.

"Kaka, nisamehe nauli yako. Siwezi kumtoa. Umesikia mhubiri? Ni kama Mungu alimtuma kwangu mimi."

Mjomba alinigeukia kwanza. Alinipa nafasi ya kusema ukweli, naona sasa, na mimi nikaangalia mbuzi.

"Dada," akasema mwishowe, "leo mimi nilisikia mahubiri mawili." Akamweleza, polepole, bila ukali. Kisha akaongeza, "Na hata hivyo siendi naye. Kanisa letu kule ni la wazee. Huyu atalipotosha lote kwa wiki moja."

Kwa hiyo nilipata nilichotaka. Nilibaki. Mama hakunigombeza wala hakunipiga. Alitangulia nyumbani, akitembea kama anayehesabu mawe.

Jioni mjomba alikwenda kuwasalimu watu wa kwao wanaokaa mtaa wa pili. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafua koti lake la kazi kwenye beseni. Nilisimama mlangoni nikitafuta kitu cha kuchekesha. Huwa sikosi. Siku hiyo nilitafuta mpaka nikachoka.

"Pale nilipolia," akasema bila kuinua kichwa. "Yule mhubiri alikuwa amesema nini hasa?"

"Mama, wacha tu."

"Nimekuuliza."

"Alisema akina mama waendelee na kazi yao. Hata kama wamechoka."

Alilikamua lile koti, akalikamua tena mpaka maji yakaisha.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Sawa," akasema. Akalitundika koti juu ya mlango, likauke kabla ya asubuhi. Nami nikatoka nje kuwasha jiko, na nikalipulia kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.