Pengo Lililopitisha Uji

Kosa langu lilikuwa kusafisha. Sikuugua kwa uchafu wala kwa uzembe, na ndiyo maana naandika. Huenda nawe ni mtu wa kupenda mambo yanyooke, na unadhani tabia hiyo haiwezi kukudhuru.

Nilikuwa naishi mjini, mtaa wa Makongeni, na baba yangu, fundi wa karakana ya reli. Mama alikuwa kijijini kwetu, magharibi, akiangalia shamba. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka na vinyozi kule Mbotela. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama maandishi ya wengine na kuyaiga juu ya vipande vya mbao hadi mkono ukazoea. Lakini herufi ikipinda kidogo tu, sikutulia. Nilikwangua ukingo wake kwa wembe, nikaupangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaukwangua tena. Kuna kinyozi aliyenisihi nimwachie bango lake kabla sijalitoboa.

Gego la chini upande wa kushoto lilipoanza kuuma, nililitia karafuu, nikawa natafuna upande wa pili. Nililiogopa pengo kuliko maumivu, na sababu yake naona aibu kuieleza. Baba hana meno sita ya mbele, chini. Kwao, kijana wa rika lake aling'olewa meno hayo kwa desturi. Nikiwa shule ya msingi, wenzangu waliniuliza nani alimpiga baba yangu. Niliwaambia alianguka kazini. Tangu hapo nilikuwa nayakagua meno yangu kwenye kioo kila asubuhi, kama mtu anayeangalia kuku wake wasije wakaibiwa.

Mwishowe maumivu yalipanda hadi sikioni, nikashindwa hata kushika brashi. Nikaenda kliniki. Daktari wa meno alikuwa mama mpole mwenye mikono yenye nguvu. Alinichoma sindano ya ganzi, akashika koleo, nikasikia mlio kama wa ubao unaong'olewa msumari. Kisha akaniambia niume pamba.

"Damu itaganda kwenye hilo shimo," aliniambia. "Hiyo ndiyo bandeji yako. Leo usisukutue, na usiguse kabisa. Kesho ndiyo uanze maji ya chumvi, polepole."

Nilimsikia vizuri. Lakini nilipofika nyumbani na kutazama kwenye kioo, niliona donge jeusi limekaa mahali jino lilipokuwa. Kwa macho yangu ulikuwa uchafu. Niliwaza kwamba daktari alisema vile kwa ajili ya watu wasiojua kujitunza. Nikasukutua kwa nguvu. Donge lilipokataa kutoka, nilizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, nikalichokoa mpaka likatoka lote. Nililala nikijisifu.

Siku zilizofuata, badala ya kupungua, maumivu yaliongezeka. Mdomo ulitoa harufu mbaya, nami mwenyewe niliisikia. Ndani ya shimo niliona kitu cheupe, nikadhani ni uchafu uliobaki, nikaanza kukikwangua pia. Ulikuwa mfupa wangu.

Shavu likavimba. Bado nilikwenda kazini, kwa kuwa kulikuwa na bango nililolifikisha nusu. Jirani yangu wa kibanda, Kamau, muuza viatu vya mitumba, aliponiona alicheka.

"Niaje, msanii? Umeficha mandazi shavuni ama umemeza mpira?"

Nilitaka kumjibu, meno hayakuachana. Nilijaribu tena. Taya lilikuwa limejifunga kama kufuli, na mate yalianza kunitiririka kidevuni. Kamau aliacha kucheka. Alifunika viatu vyake kwa turubai, akanishika mkono, akanipeleka nyumbani.

Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Aliniambia nifungue mdomo. Nikatikisa kichwa. Alitia kidole kati ya meno yangu, kikakosa pa kupita. Niliona uso wake ukibadilika, nami nikajua anawaza nini, kwa kuwa nilikuwa nawaza hilohilo: pepopunda. Alivaa viatu vyake tena na tukaenda hospitali.

Daktari aliyenipokea alinibonyeza chini ya kidevu, nikaona giza.

"Si pepopunda," alisema. "Ni usaha umeingia kwenye misuli ya taya. Ukishuka kooni utakosa pumzi. Nani alichokoa hapa?"

Nilijionyesha kwa kidole, nikaiga kwa mkono mtu anayesafisha.

"Hukuwa unasafisha, kijana. Ulikuwa unafukua."

Walinitia dripu, wakanipasua chini ya taya. Usaha ulitoka mwingi, wenye kunuka. Nililia bila kufungua mdomo. Hatari ya kukosa pumzi ilipita, lakini taya halikufunguka, nami nilikuwa sijala tangu nitoke nyumbani. Muuguzi alijaribu kunilisha kwa kijiko, uji ukamwagikia shukani. Nilihisi mwili ukiisha. Niliamini kabisa kwamba nitakufa, tena kwa usafi wangu mwenyewe.

Baba alikuja na chupa ya uji mwepesi na mrija wa soda. Alikaa kando ya kitanda, akaupitisha mrija taratibu kando ya shavu langu, akipapasa, mpaka ukapata lile pengo la gego. Ukaingia. Uji ulipita juu ya kidonda ukiniunguza, kisha nikausikia kooni. Nilimeza. Nikavuta tena.

Baba alitazama uji ukishuka kwenye chupa. Kisha akavuta mdomo wake wa chini, akanionyesha ufizi mtupu.

"Wazee walituambia ni kwa sababu hii," alisema. "Mtu akifungwa taya, apate pa kunyweshewa. Nami nilidhani walikuwa wanatutania tu."

Nilitamani kumwambia kuhusu lile jibu langu la shuleni, lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Nilimshika mkono tu. Nilimwambia baadaye, nyumbani. Alisema alijua siku nyingi.

Kupona kulikwenda polepole. Muuguzi alinifundisha kutia vijiti vya aiskrimu kati ya meno, kimoja juu ya kingine, taya lizoee kufunguka. Mimi nilitaka vyote siku moja. Baba aliviondoa mkononi mwangu. "Leo kimoja kimetosha," alisema, na kesho yake akasema hivyohivyo, hadi siku niliyopiga mwayo mzima nikasahau kuogopa.

Namshukuru Mungu, wale madaktari na wauguzi, na Kamau aliyeacha biashara yake kwa ajili yangu. Wewe unayesoma, ukiambiwa usiguse, usiguse. Ile damu nyeusi haikukosea njia. Na taya likianza kugoma, usimalize kazi kwanza. Nenda.

Nina kovu chini ya taya, na pengo lipo. Sijaweka jino la bandia. Watu wakiniuliza kuhusu meno ya baba, nasema yaling'olewa kwa desturi ya kwao, alipokuwa kijana.