Maiti Aliyefufuka Ukumbini

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Jumamosi sinema ya muuaji stadi wa bastola ilifika Homa Bay, nami, mwalimu mwenye digrii, nikaombwa kuifasiri kwa Kiswahili. Babake Akinyi alikaa mbele, akinipima kama nafaa kumwoa bintiye.

Kile Kiingereza cha puani sikukielewa hata kidogo. Sikujali. Sinema hii iliigwa kutoka nyingine ya zamani niliyoiona chuoni, basi nikafasiri kwa kumbukumbu. Mimi ninayehoji hata mahubiri, sikuhoji kama mwisho wake ni uleule.

Muuaji alipopigwa risasi akaanguka, nikatangaza, "Amekufa! Hadithi imekwisha!"

Watu wakaanza kuinuka. Muuaji naye akainuka, akajipangusa vumbi, akaanza kuhutubia.

"Mwalimu," akaita babake Akinyi, "maiti anaongea. Hebu tufasirie."