Nilipoulizwa kama nimekoma

Wenzangu, usingizi ulinihama. Usiku nawaka moto mwili mzima, mchana nagomba na kila mtu, hata punda wa jirani, ambaye kwa kweli naye ana makosa yake. Nikamwambia mkwe wangu Athman anipeleke zahanati, goti laniuma. Ningemwelezaje mume wa binti yangu mambo ya kike?

Akakaa nje kwenye benchi, na mlango wenyewe haufungiki. Muuguzi, binti wa bara mwenye adabu, akaniuliza polepole, "Mama, umekoma?"

Kwetu neno hilo huambiwa mtoto aliyekwisha kuchapwa! Nikasimama, mtandio ukaanguka. "Nikome, nimekukosea nini? Koma wewe na aliyekuzaa!"

"Mama, sikutukani."

"Hunitukani, wanikomesha tu!" Sauti yangu, nadhani, ilifika mtaa wa pili, Langoni.

Maskini, naye akapaza yake ili nimsikie. "Nauliza hedhi, Mama! Imekoma, au inaruka-ruka? Mabadiliko hayo ndiyo yanayokunyima usingizi na kukupa hasira!"

Benchi zima la wagonjwa likageuza shingo. Kisha nikamsikia mkwe wangu, kwa heshima zake zote, akiuliza mlangoni, "Mama, na goti je, washalitazama?"