Mwenye nyumba wa enzi za Mjerumani aliyesema wapangaji ndio wanamaliza maji

Wakuu, habari za mchana.

Hiki kisa nilisimuliwa na bibi yangu nikiwa mdogo, tukimenya ndizi kule Nkoaranga. Kilimpata mama yake, Ndeanka, enzi za Mjerumani. Sijaongeza chumvi.

Ndeanka alifiwa na mume, akashuka Arusha mjini na watoto wake, akapanga chumba kwa mfanyabiashara mmoja, Mzee Feruzi. Vyumba vilikuwa vinne, kila kimoja na kibustani nyuma, na Feruzi mwenyewe alilima mboga pembeni. Maji yalikuja kwa mfereji kutoka mlimani.

Sasa bili ya maji haikuwa hela. Ilikuwa jembe.

Wapangaji ndio waliozibua mfereji kila wiki, matope hadi magotini. Feruzi hakugusa hata mpini. "Maji mnamaliza ninyi," ndiyo ilikuwa kauli yake.

Siku moja akatangaza wazibue mara mbili kwa wiki, asiyetaka ahame. Ndeanka alikuwa anapika na kuuza chakula sokoni. Akipoteza siku nyingine, watoto wanalala njaa.

Akamwendea.

"Shikamoo mzee. Naomba tupime kwanza."

"Marahaba. Utapimaje maji yanayotembea?"

Ndeanka akatoboa tundu dogo chini ya kibuyu, akakitundika uani kiwe saa yao. Kikijazwa maji, unafungulia mfereji uende kwako. Kikimaliza kuvuja, unafunga, anaingia mwingine. Kila kibuyu, alama ya mkaa ukutani.

Feruzi akacheka, akakubali. Alijua wapangaji wataumbuka.

(Hapa bibi alikuwa anaweka kisu chini kabisa, anacheka peke yake.)

Wiki ikaisha. Kila mpangaji alikuwa na alama saba, moja kwa siku. Bustani ya mboga ya Feruzi? Alama zilijaza ukuta mpaka kwenye kona!

Mzee akazitazama moja moja. Ndeanka akaanza kuwaza pa kuhamia.

"Nani ana jembe la ziada?" Feruzi akauliza.

Akavua kanzu, akaingia kwenye matope. Tangu hapo kila mtu alizibua kulingana na vibuyu vyake, na Ndeanka aliishi pale kwa amani mpaka watoto wakakua.

Nilichojifunza: mwenye nyumba akitaka kugawa bili kwa haki, ajipime na yeye.

Nina vyumba vya kupangisha Sombetini. Kila mpangaji ana mita yake, na ya kwangu iko ukutani nje, anayetaka anaisoma. Hatujawahi kugombana.

Kwenu mnagawanaje? Wapangaji anzeni, wenye nyumba tutajitetea.