Bibi Alivyovilia Damu

Ilianza Jumanne, saa kumi jioni, nikimpaka bibi mafuta ya nazi. Nilipopandisha mkono wa dera lake nikaona amevilia damu juu ya kiwiko, alama nne zimepangana kama vidole vya mtu.

"Bibi, nani kakushika?"

"Nani anishike mimi, mjukuu wangu? Uzee tu." Akaushusha mkono wa dera haraka. Hiyo haraka ndiyo iliyonitia shaka.

Kwetu Kariakoo ni nyumba ya wapangaji. Baba yuko safarini na lori, kwa hiyo mama ndiye anayemwogesha mkwewe kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye meza yake ya vitenge. Mama ana haraka siku zote. Bibi hana.

Jirani anayepika chapati uani aliniona nimeduwaa. "Muulize anayemwogesha," akasema, macho kwenye kikaango. "Mimi simo."

Nikarudi kumalizia kumpaka bibi mafuta. Mama aliporudi nilimwangalia mikono tu. Akachemsha choya, yale maua mekundu ya kuongeza damu. "Mpe bibi yako anywe, damu imepungua hiyo." Nikaona kama anajificha nyuma ya choya.

Wiki hiyo mwalimu wa baiolojia alitufundisha damu. Nikaanza kumkagua bibi kimyakimya. Chembe nyekundu hubeba oksijeni; zikipungua mtu anapauka na kuhema. Nikamvuta kope ya chini: ndani kwekundu, na alikuwa anamsengenya jirani bila kuhema hata kidogo. Chembe nyeupe hupigana na maradhi. Hana homa wala kidonda. Zikabaki chembe sahani, zile zinazoziba mshipa ukitoboka, kama kiraka cha fundi pancha. Nikamwomba anionyeshe miguu. Imejaa vidoa vyekundu vidogo kama punje za ulezi. Vidole vya mtu haviachi alama hizo. Na alipopiga mswaki akatema damu.

"Hii tangu lini, bibi?"

"Tangu wiki ile. Usimwambie mama yako, atanipeleka nikadungwe sindano."

Mwenye chembe sahani chache anavilia hata akishikwa taratibu. Anavilia pia akishikwa kwa nguvu. Hapo baiolojia haikunisaidia.

Asubuhi nilimwahi mama bafuni kabla hajammwagia bibi maji, nikaitoa kata mkononi mwake. "Leo namwogesha mimi."

"Na shule?"

"Siendi. Bibi anatoka damu kwenye fizi, miguu ina vidoa. Choya haizibi hiyo, mama. Twende hospitali."

Pale uani jirani akaacha kusukuma chapati.

"Umeanza lini kunipangia?" mama akasema. Kisha akainama, akaitazama ile miguu, akaketi palepale kwenye sakafu iliyolowa. "Mbona hamkuniambia?"

Sijui kama ulikuwa uchungu au alikuwa anamsikilizisha jirani. Nikamwogesha bibi bila kumgusa ule mkono wenye alama, nikamvalisha, nikaita bajaji. Ndani ya bajaji nilikaa katikati ya mama na bibi.