Msaragambo wa Kusafisha Klaudi

Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, aliacha kazi ya ofisini Same mjini akapanda kuja kukaa nasi Mhezi ili anunue tangawizi. Watu walimsema. Mimi pia nilimsema, ila mbele yake, si pembeni. Nilimwambia tangawizi tunailima siku zote na madalali wanaijua njia ya kwetu, sasa yeye anakuja kuongeza nini.

"Mama," akaniambia, "dalali ananunua kwa macho. Mimi namtaka mtu anayeuliza imetoka shamba gani."

Mtu huyo alimpata Hedaru, mnunuzi wa tangawizi kavu anayeipeleka mbali. Bei yake ilikuwa nzuri, lakini alikuwa na sharti. Kila gunia liwe na picha ya shamba lilikotoka, jina la mwenye shamba, siku ya kuchimba na siku ya kukausha, na yeye akiwa kule Hedaru afungue simu ayaone yote. Bila hivyo hataki hata kuonyeshwa.

Basi mkwe wangu akayaweka mambo hayo kwenye kile wanachokiita klaudi. Alinieleza huku namenya ndizi. Picha na maandishi havikai kwenye simu yako, vinakaa kwenye mashine za watu wa mbali. Wewe unalipia nafasi, na popote ulipo, ukiwa na neno la siri, unafungua. Nikamuuliza kama hao watu wa mbali tunawajua. Akasema hatuwajui. Nikamwambia basi awe na akili. Akasema anayo, na mkakati ameshauandika.

Mkakati wenyewe haukuwa mbaya. Wakulima wapige picha wenyewe, siku ile ile ya kuchimba, ziingie moja kwa moja. Lakini ili waingie wote lazima wajue neno la siri, na wamekaa mabonde mbalimbali, na huku kwetu mtandao unaufuata juu mgongoni mwa mlima. Akafanya kama tunavyofanya huku kwa kila jambo la watu wengi. Alimpa mzee wa kanisa karatasi, na Jumapili baada ya ibada neno la siri likasomwa kwenye matangazo, kati ya taarifa ya msiba na kikao cha kwaya. Likarudiwa kwa ajili ya wenye masikio mazito. Nilikuwepo. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe niliona ni utaratibu mzuri.

Kazi ikaenda. Chanja za kukaushia zikajaa, wakulima wakapiga picha, magunia yakapangwa. Halafu ikaja sikukuu ya kipaimara. Kila nyumba yenye mtoto ilirekodi, ibada, keki, zawadi, ngoma ya jioni, na simu zikajaa. Jirani yangu wa chini ya mfereji akauliza kama kwenye ile klaudi ya tangawizi pana nafasi. Ilikuwepo. Na kwetu humnyimi jirani nafasi iliyokaa wazi. Akaweka ya kwake. Mwenzake akaona, akaweka. Neno la siri likashuka mpaka Maore kwa ndugu na mashemeji, nao wakaweka harusi zao, mbuzi wao na mpunga wao.

Wiki ambayo mnunuzi alikuwa anapanda kuja kuchukua mzigo wa kwanza, picha za magunia mapya zikagoma kuingia. Mkwe wangu akalipia nafasi zaidi. Ikajaa siku hiyo hiyo, maana simu za watu zilikuwa zinasubiri tu. Tena kuna mtu katika kutafuta pa kuweka kwaya yake alikuta picha za udongo mtupu, akaona hazina maana, akazifuta. Udongo huo ndio yalikuwa mashamba yetu.

Nilimkuta mkwe wangu amekaa juu ya gunia, ametulia kupita kiasi.

"Alhamisi akikuta magunia hayajulikani yametoka wapi, atageuza gari," akasema. "Na mimi nitakuwa nimewarudisha watu wote hawa kwa madalali."

Nilimgombeza kidogo, kwa sababu ya lile tangazo. Kisha nikamuuliza anataka kufanya nini. Akasema atabadili neno la siri leo leo, awafungie wote nje, afute kila kisichokuwa tangawizi. Nikamkatalia. Mtu umemwita kanisani mbele ya wote, kesho unamfungia nje na kipaimara cha mwanawe unakifuta, huyo hakuletei tangawizi tena, wala hatakuja kwenye msiba wako. Waliojaza watoe wenyewe. Nikamwambia huko ofisini sijui wanafanyaje, huku tuna msaragambo. Mfereji ukiziba, pembe inapigwa, wote wanatoka kuuzibua, na asiyetoka anajua faini yake.

Pembe ikapigwa alfajiri. Watu wakapanda mpaka kwenye chanja, ambako mtandao unashika, wana simu mkononi na wengine wana majembe. Nikamuuliza jirani yangu jembe la nini. "Pembe ni pembe, bibi," akasema. "Mimi nimeitikia."

Mkwe wangu akawaeleza bila kuwalaumu. Cha nyumbani kitoke, cha tangawizi kibaki, na hakifutwi kitu mpaka kiwe kimenakiliwa kwenye diski aliyonunua mjini. Watu wakapanga foleni. Kazi ilikwenda polepole, na wakati wa kusubiri kila mmoja alikuwa anatazama harusi ya mwenzake na kuisema.

Jirani yangu akapaza sauti. "Na hii ndefu kuliko zote, ibada nzima na hotuba ya askofu, ya nani?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Ilikuwa ya mjukuu wangu, mwanangu ndiye aliyeiweka kwa simu yangu.

"Anzeni na hiyo," nikasema.

"Na hotuba je, bibi?"

"Askofu anayo kichwani."

Hapo walicheka, na kazi ikachangamka. Mchana akanijia kijana mmoja wa kwaya. "Shikamoo bibi. Ile ya udongo niliifuta mimi." Sikumwitikia. Mkwe wangu akasema vilivyofutwa hukaa mahali kwa muda kabla ya kupotea kabisa, akatafuta, akatafuta, yakarudi, shamba moja baada ya jingine. La mwisho liliporudi ndipo nikamwambia kijana marahaba.

Kabla hawajatawanyika mkwe wangu akawasomea mkakati mpya. Kila mkulima atakuwa na neno lake la siri, ataweza kuingiza lakini si kufuta. Nakala ya pili itakaa kwa dada yake Hedaru, na kila baada ya mavuno tutasafisha hivi hivi. Mzee mmoja hakupenda. Akasema sasa tunafungiana milango kama watu wasiojuana. Nikamuuliza kama yeye usiku analala mlango wazi. Akaniambia sijabadilika tangu ujana wangu, na akaletewa simu, akachagua neno lake huku ameipa mgongo hadhara yote.

Alhamisi mnunuzi alifika, kijana mpole, akanisalimia vizuri. Alichagua gunia la katikati, akafungua simu yake, akatazama, akauliza shamba hilo liko wapi. Mwenyewe alikuwepo, akamwonyesha kwa kidole ng'ambo ya bonde. Akachagua jingine, na jingine. Kisha akaiweka simu mfukoni, akawaambia vijana wake wapakie.

Gari lilipoanza kushuka, mkwe wangu aliingia ndani akalala mchana kweupe, jambo nisiloliruhusu kwangu. Siku hiyo nilifukuza kuku dirishani kwake, nikawaambia waliokuwa wanapita wapunguze sauti.